Vitafunio Vitamu vya Kigiriki vya Manda ya Filo: Mwongozo Kamili

Karibu kila baklava iliyoharibika iliharibiwa na maji. Ama manda zilipoteza unyevu wake kabla ya kupakwa mafuta zikapasuka, ama siagi ilikuwa na maji ndani yake ikazilowesha, ama shira ya moto ilimiminwa juu ya trei ya moto na kila kitu kikawa tepetepe. Anayejua maji yanaruhusiwa kuingia wapi na lini ameshaielewa sehemu kubwa ya kazi hii, na kwa sababu hiyo mwongozo huu unayafuatilia maji tangu pakiti inapotolewa kwenye friza hadi kipande kinapowekwa sahanini.

Vitafunio vinavyozungumzwa hapa ni vile ambavyo Wagiriki huviita kwa jumla vitamu vya shira, vinavyotengenezwa kwa manda nyembamba za unga wa ngano zinazojulikana kama filo. Baklava ndiyo maarufu zaidi, lakini ina ndugu wengi: galaktoboureko yenye kastadi ya semolina, kataifi inayotengenezwa kwa nyuzi za unga zinazofanana na tambi, saragli inayoviringishwa kwenye ufito na kukunjamanishwa, bougatsa ya miji ya Thessaloniki na Serres, kaskazini mwa Ugiriki, ambayo haina shira na huliwa asubuhi, na portokalopita ya machungwa. Sehemu kubwa ya ufundi huu ni urithi wa pamoja wa mataifa yaliyoishi chini ya dola ya Uthmaniya, na Waturuki wana madai yao yenye uzito. Baklava ya Gaziantep, mji wa Uturuki, kwa mfano, ilisajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013 kama bidhaa ya eneo hilo. Ubadilishanaji wa watu kati ya Ugiriki na Uturuki, uliokubaliwa mjini Lausanne, Uswisi, mwaka 1923, ulikamilisha uhamaji wa Wakristo zaidi ya milioni moja kutoka Asia Ndogo na maeneo jirani kwenda Ugiriki, na wengi wao walifika na ufundi wa upishi ambao uliitajirisha sana miji ya kaskazini, hasa Thessaloniki.

Tofauti huonekana katika ladha. Baklava ya Gaziantep hujazwa pistachio na kunyweshwa shira ya sukari tupu, ilhali ile ya Kigiriki hupenda jozi (walnut), asali, mdalasini na karafuu. Msomaji wa Unguja au Pemba atafurahi kujua kwamba katika nyumba nyingi za Kigiriki kila kipande cha baklava huchomekwa karafuu moja nzima katikati, na karafuu hiyo hufanya kazi mbili, kunukisha na kuzishikilia manda za juu zisiinuke wakati wa kuoka.

Manda yenyewe

Filo si sawa na manda za sambusa, na ni vizuri jambo hili lieleweke mapema, kwa kuwa wengi hujaribu kutumia moja badala ya nyingine. Manda za sambusa hupitishwa kwanza kwenye chuma cha moto ndipo zibanduliwe, kwa hiyo zimeiva nusu, ni nene zaidi, na zikiokwa kwa muda mrefu huwa ngumu kutafuna. Filo ni mbichi kabisa, na wembamba wake unatosha kuuona mkono ulio upande wa pili. Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki hupatikana kwenye friza za maduka makubwa, mara nyingi katika pakiti za gramu 400 hadi 500.

Pakiti ikiwa imeganda, ihamishie kwenye jokofu na uiache usiku kucha, kisha itoe nje saa moja au mbili kabla ya kazi bila kuifungua. Ukiiyeyusha haraka juu ya meza, hasa katika hali ya hewa ya pwani, mvuke wa hewani hugeuka matone juu ya manda baridi, nazo hunatana zisibanduke tena. Ukishaifungua, zitandaze manda zote kwa pamoja, zifunike kwa karatasi ya nailoni au ya kuokea, na juu yake weka kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa vizuri. Kitambaa kibichi kisiguse manda moja kwa moja. Utaona kwamba kingo ndizo zinazoanza kukauka; zikishakuwa nyeupe na kutoa sauti ya karatasi unapozigusa, zikate kwa mkasi na uendelee na sehemu iliyobaki, kwa maana ufa unaoanzia ukingoni hukimbia hadi katikati.

Anayetaka kutengeneza filo kwa mikono atahitaji gramu 500 za unga wa ngano wa mkate, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya zeituni, kijiko kimoja cha chakula cha siki na mililita 250 hadi 270 za maji ya vuguvugu. Siki huusaidia unga unyooke bila kujirudi. Kanda kwa dakika kumi hadi donge liwe laini na lisinate mkononi, lipake mafuta, lifunike, na uliache lipumzike kwa muda usiopungua saa moja. Ligawanye katika madonge kumi hadi kumi na mawili, kisha sukuma kila moja kwa ufito mrefu mwembamba, ukinyunyiza wanga wa mahindi badala ya unga wa ngano, kwa sababu wanga haufyonzwi haraka na donge. Katika jimbo la Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, ambako mikate ya filo ni sehemu ya maisha ya kila siku, wapishi huuviringisha unga juu ya ufito na kuupitishia viganja kutoka katikati kwenda pembeni, huku wakiuzungusha kila mara ili upanuke pande zote. Manda ya mkono haitafikia wembamba wa ile ya kiwandani, na kwa maoni yangu anayeanza asijifunze mambo mawili kwa siku moja: anunue filo, aijue baklava kwanza, ndipo arudi kwenye ufito.

Samli, jozi na viungo

Siagi ya kawaida ina maji ya asilimia 16 hivi pamoja na masalia ya maziwa. Maji hayo huzilowesha manda, na masalia huungua na kuacha madoa meusi juu ya trei. Kwa hiyo siagi husafishwa kwanza. Yeyusha gramu 300 za siagi isiyo na chumvi kwenye moto mdogo, engua povu linalopanda juu, subiri hadi itulie na iwe angavu, kisha imimine polepole na uyaache masalia meupe chini ya sufuria. Mwenye samli nzuri nyumbani ameshavuka hatua hii, ila ainuse kwanza: samli iliyozeeka au iliyopikwa mpaka ikawa kahawia itaifunika harufu ya asali na mdalasini. Wagiriki husifu sana siagi ya maziwa ya kondoo na mbuzi, yenye harufu kali, lakini samli ya ng'ombe iliyo safi inatosha kabisa.

Kwa trei ya sentimita 23 kwa 33, andaa gramu 500 za jozi. Zikate kwa kisu hadi ziwe na ukubwa wa punje za mchele na nyingine kubwa kidogo. Usizisage kwenye mashine hadi ziwe unga, kwa kuwa unga wa jozi hushikamana ukawa ujiuji pindi shira inapofika. Zionje kabla ya kuzitumia: jozi huchacha upesi, hasa zikikaa dukani katika joto, na hakuna shira inayoweza kuficha uchachu huo. Changanya jozi na vijiko viwili vya chai vya mdalasini wa unga, nusu kijiko cha chai cha karafuu ya kusaga, na gramu 50 za chenga za mkate mkavu, ambazo hunywa shira inayozidi na kuzuia maji yasituame chini.

Jozi zikikosekana, lozi zilizokaangwa kidogo ni mbadala mzuri, na katika visiwa vya Ugiriki lozi hutumika sana. Korosho huweza kutumika pia, ila zina utamu wa kwao na ulaini, hazina ule ukakasi wa jozi unaoipunguzia shira makali ya sukari. Anayezitumia na azichanganye nusu kwa nusu na lozi, na apunguze sukari ya shira kidogo.

Shira hupikwa kwanza

Shira itangulie kupikwa kwa sababu inahitaji muda wa kupoa kabisa. Weka kwenye sufuria gramu 500 za sukari, mililita 350 za maji, kijiti kimoja cha mdalasini, na ganda pana la limau lisilo na sehemu nyeupe ya ndani, ambayo ni chungu. Koroga juu ya moto wa wastani hadi sukari iyeyuke, kisha uache kukoroga kabisa. Ikianza kuchemka, hesabu dakika tano. Mwenye kipimajoto atalenga nyuzi 105 za Selsiasi. Ipua, tia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau na gramu 120 za asali, changanya taratibu, na uengue povu.

Maji ya limau hayawekwi kwa ajili ya ladha pekee. Asidi yake huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo hauwi chengachenga shira inapopoa. Asali husaidia katika jambo hilo hilo, na huwekwa baada ya kuipua kwa sababu kuichemsha sana huiondolea harufu, ambayo ndiyo iliyokufanya uitumie.

Kupanga, kukata na kuoka

Zikate manda ziwe na ukubwa wa trei, kisha upake trei samli. Weka manda kumi chini, ukiipaka kila moja samli kwa brashi laini kabla ya kuweka inayofuata. Usisugue, gusisha brashi na uiburute kwa wepesi, ukianzia kwenye kingo. Tandaza theluthi ya jozi, weka manda nne zilizopakwa samli, theluthi nyingine, manda nne tena, halafu jozi zilizobaki. Funika kwa manda kumi za juu, na uzihifadhi kwa ajili hiyo zile nzima na nzuri kuliko zote, maana zilizopasuka zinaweza kukaa katikati bila mtu kuziona. Jumla ni manda 28.

Iweke trei kwenye jokofu kwa dakika 20. Samli itaganda, na kisu kitapita bila kuziburuta manda za juu. Kata vipande vyenye umbo la msambamba hadi chini kabisa, kwa kisu chenye makali na ncha kali, huku vidole vya mkono wa pili vikiushikilia ukingo wa manda karibu na kisu. Baklava ikatwe kabla ya kuokwa: ikishaiva manda za juu huvunjika vipandevipande, na zaidi ya hapo, mikato hiyo ndiyo njia ambayo shira itapita kuzifikia manda za chini. Wengine hukata nusu ya kina tu kwa hofu ya kuharibu trei, na matokeo yake ni sehemu ya juu iliyolowa na ya chini iliyokauka. Chomeka karafuu moja katikati ya kila kipande, mimina samli iliyobaki juu yote, halafu lowesha vidole na unyunyize matone machache ya maji juu ya trei. Hapa ndipo maji yanaporuhusiwa kwa mara ya kwanza, tena kwa kiasi kidogo sana, nayo huzuia manda za juu zisijikunje katika dakika za kwanza za joto.

Oka kwenye oveni ya nyuzi 160, kwenye ngazi ya chini ya katikati, kwa dakika 75 hadi 90. Moto mdogo na muda mrefu ndiyo kanuni, kwa sababu manda za juu huchukua rangi mapema sana ilhali zile kumi za chini bado ni mbichi. Juu kukianza kuwa kahawia kabla ya wakati, funika kwa karatasi ya aluminiamu bila kuibana. Ili ujue kama imeiva, inua kipande cha pembeni kwa ncha ya kisu na utazame chini yake: kikiwa cha rangi ya dhahabu na kikavu, trei iko tayari, kikiwa cheupe na kinapinda, irudishe. Oveni za nyumbani hutofautiana sana, hivyo amini rangi ya chini kuliko saa.

Kumimina shira

Trei itoke oveni na ipokee shira hapo hapo, ikiwa ya moto, nayo shira iwe imepoa kabisa. Kanuni hii hufuatwa na wapishi wa Kigiriki kwa vitamu karibu vyote vya shira: kimoja cha moto, kingine cha baridi. Vyote viwili vikiwa vya moto, mvuke unaopanda huzilainisha manda zikawa tepetepe. Vyote viwili vikiwa vya baridi, shira hutuama juu na chini bila kunyweka. Mimina upawa mmoja mmoja, ukifuata mistari ya mikato, na usikilize. Lazima upawa wa kwanza utoe mlio mkali wa kuchemka unaoendelea kwa sekunde kadhaa. Usipousikia, trei imeshapoa, na ni afadhali uirudishe kwenye oveni kwa dakika tano kuliko kuendelea.

Baada ya hapo usiifunike. Mvuke ulio ndani unahitaji kutoka, na kifuniko huurudisha chini ukiwa matone. Iache kwa saa sita angalau, na ikiwezekana hadi kesho yake, kwani siku ya pili ladha ya viungo huwa imetulia na manda za chini zimekunywa sawasawa. Ikishapoa kabisa unaweza kuiweka kwenye chombo chenye mfuniko, nje ya jokofu, kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Jokofu huigandisha samli na kuifanya baklava iwe ngumu.

Galaktoboureko

Hapa ugumu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa kastadi ya maziwa, ambayo kwa asili imejaa maji, inakaa kati ya manda zinazotakiwa kubaki kavu. Chemsha lita moja ya maziwa yenye mafuta yote pamoja na gramu 100 za sukari. Yakikaribia kuchemka, nyunyiza gramu 120 za semolina laini, ambayo katika maduka mengi ya pwani huuzwa kwa jina la suji, huku ukikoroga mfululizo kwa mchapo wa waya hadi iwe nzito kama uji wa kunyweka. Ipua. Piga mayai manne na gramu 100 nyingine za sukari hadi yawe meupe, yachanganye kwanza na upawa mmoja wa uji huo ili yasishtuke na kuganda, kisha yamimine yote kwenye sufuria pamoja na gramu 50 za siagi na vanila. Bandika karatasi ya nailoni juu ya kastadi yenyewe ili isifanye utando, na uiache hadi iwe vuguvugu.

Weka manda saba chini zilizopakwa samli kwa ukarimu kuliko kwenye baklava, na uziache zining'inie nje ya kingo. Mimina kastadi, kunja kingo ndani, na ufunike kwa manda sita. Mikato ya galaktoboureko hupita kwenye manda za juu tu bila kuzama kwenye kastadi. Oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 60 hadi 70, hadi juu pawe na rangi ya dhahabu iliyokolea, halafu mimina shira baridi iliyopikwa kwa gramu 450 za sukari na mililita 280 za maji, bila asali. Shira hii ni nzito zaidi makusudi, kwa sababu kastadi haihitaji maji ya ziada. Subiri saa mbili au tatu kabla ya kukata hadi chini. Galaktoboureko ni ya kuliwa siku ile ile. Kesho yake itakuwa bado tamu, lakini manda zitakuwa zimelainika, na kwa kuwa ina maziwa na mayai, kilichobaki kikae kwenye jokofu.

Kastadi hiyo hiyo, iliyopunguzwa sukari, ndiyo hujaza bougatsa, ambayo hainyweshwi shira kabisa bali hukatwakatwa ikiwa ya moto na kunyunyiziwa sukari ya unga na mdalasini. Wauzaji wa Thessaloniki na Serres huinyoosha manda yao kwa kuirusha na kuivuta hewani, ufundi unaochukua miaka kuumudu. Katika kitongoji cha Panorama, kilicho mlimani juu ya Thessaloniki, hutengenezwa trigona, pembe za filo zinazookwa zikiwa tupu, zikachovywa kwenye shira, na kujazwa krimu mwishoni kabisa ili zisilainike.

Manda zilizovunjika

Hata mpishi mzoefu hubaki na manda zilizochanika, na Wagiriki wana njia nzuri ya kuzitumia, nayo ni portokalopita. Kata gramu 450 za filo katika nyuzi za upana wa kidole, zitawanye kwenye trei, na uziache zikauke nje kwa saa kadhaa au kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa dakika 20 hivi. Safari hii ukavu ndio unaotakiwa, kwani manda mbichi zingegandamana zikawa donge. Piga mayai manne na gramu 150 za sukari, tia gramu 250 za mtindi mzito, mililita 200 za mafuta yasiyo na harufu, maganda ya machungwa mawili yaliyokwaruzwa, na kijiko kimoja cha chakula cha bekin pauda. Zitie nyuzi za filo kidogo kidogo huku ukizichambua kwa vidole zisishikane, mimina kwenye trei iliyopakwa mafuta, na uoke kwa nyuzi 175 kwa dakika 40 hadi 45. Shira yake ni gramu 400 za sukari, mililita 300 za maji na mililita 100 za maji ya machungwa, iliyochemshwa dakika tano na kupoa. Toboatoboa keki ya moto kwa kijiti cha meno na uimwagilie shira polepole, ukisubiri kila upawa unyweke kabla ya kumimina mwingine, kwa sababu portokalopita hunywa shira yote hii bila kutuamisha chochote iwapo haitaharakishwa.